Watoto 1,340 nisiowajua

Juzi dada mmoja wa Kasulu ameniandikia. Wamepewa maboksi kumi na manne ya vitabu, kata imewapa chumba, na mwezi ujao wanakata utepe wa maktaba yao. Anachotaka kwangu ni ratiba ya programu: Jumatatu nini, Jumanne nini, mpaka Jumamosi. Ameandika kwa furaha, alama za mshangao kila mahali. Sikumjibu siku ile. Ujumbe huo niliwahi kuuandika mimi mwenyewe, karibu neno kwa neno, nikamtumia mwalimu wangu wa chuo cha ukutubi, yaani kazi ya maktaba, Bagamoyo. Alinijibu kwa swali moja tu: "Hao watu unawajua?" Nikaona ananidharau.

Ninyi wakutubi mnaosoma hapa najua mnachokitaka, maana ndicho nilichokitaka: maktaba iliyojaa, watoto wamebanana kwenye mkeka, picha ya kumtumia mfadhili. Mimi niliipata hiyo picha, katika kata moja ya wilaya ya Kilosa. Kila Jumamosi ilikuwa saa ya hadithi: nasoma kwa sauti, naigiza fisi, wanacheka, kisha wanakunywa uji. Kabla ya uji nilipita nikihesabu vichwa kwa kidole, naandika idadi kwenye karatasi. Baada ya miezi tisa nikajumlisha nikapata 1,340. Nikachapisha ripoti ya rangi na kuipeleka kwa fahari.

Mfadhili akatuma kijana kuja kututembelea. Mpole, mwenye daftari dogo. Akaangalia watoto, akaangalia ripoti, akauliza, "Dada, hawa 1,340 ni watoto wangapi?"

Nikamwambia ni 1,340.

"Yule wa shati la njano yumo kwenye kila picha ya ripoti yako. Kwenye hesabu yumo mara ngapi?"

Sikuwa na jibu. Akauliza jingine: mtoto huyo alipoanza kuja alikuwa anasoma kiasi gani, na leo anasoma kiasi gani? Nilianza kumweleza jinsi watoto wanavyofurahi. Nilijisikia naongea kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye mfuko mtupu.

Ufadhili haukuendelea. Barua yao ilikuwa na mistari minne. Na niseme hili, maana bado linaniuma: fomu yao ya ripoti ilikuwa na kisanduku kimoja tu, "idadi ya washiriki". Nilijaza walichoniuliza. Baadaye wakaniadhibu kwa kisichokuwemo kwenye fomu. Haya, yameisha. (Hayajaisha.)

Fedha zilipokatika, uji nao ukakatika. Jumamosi ya kwanza bila uji walikuja watoto kumi na mmoja. Hiyo ndiyo tathmini ya kwanza ya kweli niliyofanya maishani, na wala sikuipanga.

Nikakaa na hao kumi na mmoja. Nilinunua kaunta buku, nikaandika jina la kila mmoja, darasa lake na anakotoka. Kisha nikampima mmoja mmoja nje chini ya mwembe, kwa mtindo ambao Uwezo, wale wanaopima watoto kusoma na kuhesabu, walianza kuutumia Tanzania 2010: silabi, neno, aya, halafu hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili. Unaandika alipokwama. Basi. Watoto wanne wa darasa la nne hawakuvuka silabi. Miezi tisa nilikuwa nawaigizia fisi! Walimpenda fisi, lakini kusoma hawakusogea, kwa sababu aliyekuwa anasoma ni mimi.

Tukabadilisha. Makundi yakapangwa kwa kiwango, si kwa darasa wala umri. Mwito wa majina kila siku. Kila baada ya miezi mitatu, kipimo kilekile chini ya mwembe uleule. Nikagundua pia kwamba wakati wa palizi nusu ya watoto wako shambani, hivyo ukilinganisha mahudhurio ya palizi na ya baada ya mavuno unajidanganya. Linganisha msimu na msimu wake.

Kwa akina mama nilikosea vibaya zaidi. Niliwawekea darasa la kusoma Jumatano alasiri. Hawakuja. Kwenye ripoti nikaandika maneno yale tunayoyapenda wote: "mwamko mdogo wa jamii". Mama lishe wa pale njia panda ndiye aliyenifungua macho. "Jumatano ni gulio, mwanangu. Kwani wewe unaishi wapi?"

Nilikuwa naishi palepale.

Tukahamia Jumatatu, na safari hii nikauliza kwanza wanataka kusoma nini. Mimi nilikuwa nimeandaa vijitabu vya lishe. Wao walitaka kusoma daftari la VICOBA, kikundi chao cha kuweka na kukopa, wajue kama katibu anawaibia, na ujumbe wa pesa kwenye simu bila kumpa kijana wa jirani ausome. Kipimo kikajitengeneza chenyewe: ni mama wangapi wanaweza kufungua daftari la kikundi, wakapata mstari wao na kusoma kiasi chao bila msaada? Mwanzoni walikuwa wawili kati ya kumi na sita. Ilipofika Desemba walikuwa kumi na mmoja, na katibu alikuwa amebadilishwa. Hilo la katibu sikulipeleka kwa mtu yeyote kama matokeo ya programu, ila nilipika pilau siku ile.

Yule mwalimu wa Bagamoyo nilimrudia nikiwa nimenywea. Akanikumbusha kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973: redio, vijitabu, vikundi vya kujisomea vijijini, watu wapatao milioni mbili. Wenye kampeni wangeweza kutamba kwa hiyo milioni mbili wakalala. Lakini katika baadhi ya vijiji walipita nyumba kwa nyumba kabla ya kampeni na baada yake, wakaangalia kilichobadilika nyumbani, choo kikiwemo. Simu za mkononi hawakuwa nazo. Sasa sisi wenye simu mfukoni tunashindwa nini? Jamani wakutubi wenzangu, tuache kuhesabu vichwa! Andika majina. Ukichoka, andika majina. Mgeni akija na kamera, mpe kwanza daftari la majina. Na yule asiyekuja mfuate umuulize, kwa sababu aliyekuja ameshakujibu kwa miguu yake.

Dada wa Kasulu, hayo maboksi yaache yamefungwa kwanza. Kwenye yangu nilikuta nakala tatu za kitabu cha kuteleza kwenye theluji. Wiki hii nenda kwa mwalimu mkuu, nenda kisimani, nenda sokoni siku ya gulio, ukiwa na kaunta buku na kalamu. Nitumie jina la mtu wa kwanza atakayekuambia hatakuja, na sababu atakayokupa. Ratiba tutaipanga baada ya hapo.