Kuomba nafasi za utafiti bila andiko lililochapishwa
Umeuliza kama mwanafunzi wa mwaka wa pili anaweza kuomba nafasi za utafiti zinazotangazwa kila wiki na idara ya hali ya hewa, ilhali hajachapisha andiko lolote. Anaweza, kwa kuwa kinachompa mwombaji uzito, kwa maoni yangu, ni kuonyesha kwamba amewahi kushughulika na data mwenyewe. Pakua ERA5, hifadhidata ya hali ya hewa iliyopita ya dunia nzima, ambayo ECMWF, kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa, huitoa bure ikiwa na takwimu za kila saa tangu mwaka 1940, uchore mvua ya msimu mmoja na kuilinganisha na vipimo vya kituo kilicho karibu nawe. Tofauti utakazoziona, hasa milimani ambako miraba ambayo ERA5 huigawa dunia kwayo, yenye upana wa kilomita 31 hivi, humeza mabonde, ndizo za kueleza katika barua ya maombi. Semina nazo usizipuuze, maana anayewasilisha mada huenda ndiye anayetafuta msaidizi.