Kutoa kopi vitabu vya dini: aliyekosa fungu ni mtunzi

Ndugu yetu ameuliza kama ni dhambi kutoa kopi na kugawa kijitabu cha fiqhi (sharia za Kiislamu) cha sheikh aliyekwisha kufariki, ilhali nia ni daawa tu, yaani kulingania dini. Nilikuwa na duka la steshenari hapa Tanga, na vijitabu vya namna hiyo nilivirudufu kwa mamia, nikijitetea kwa hoja hiyo hiyo: elimu ni ya Mwenyezi Mungu, na Mtume (S.A.W.) amemwonya anayeificha.

Siku moja mjane wa mmoja wa masheikh hao alikuja kutoa kopi ya cheti, akakiona kitabu cha marehemu mumewe rafuni, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, hiki unauza bei gani?" Nilipomtajia bei ndipo nilipotambua kwamba biashara ilikuwapo siku zote, kwani aliyeniletea karatasi alilipwa na mimi nililipwa, ila aliyekesha akiandika ndiye aliyekosa fungu, na baada yake warithi wake.

Nilikwenda kuuliza kwa wajuzi. Kwa sisi Mashafii wa pwani, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafi, manfaa nayo huhesabiwa kuwa mali, si kitu cha kushikika peke yake. Na Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lilipokutana Kuwait mwaka 1988, liliamua kwamba haki ya mtunzi inalindwa na sharia na haijuzu kuivamia. Ikiwa ni mali, basi inarithiwa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 (Zanzibar wana yao ya 2003) huilinda kazi katika uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake, kwa hiyo dini inakupeleka kwa warithi, na sheria ya nchi vilevile.

Aya za Qur'ani hazina wa kuzidai. Chenye mwenyewe ni tafsiri na sherehe (ufafanuzi) aliyoiandika mtu. Na hadithi ya kuficha elimu haimhusu aliyekwisha kuichapisha.

Mimi nilikadiria nakala nilizouza, nikamlipa mjane yule na wanawe kidogo kidogo kwa miezi minane. Kwa kuwa wanawe wote walikuwa watu wazima, walikaa wakakubaliana kuniruhusu nigawe bure nakala 200 msikitini, thawabu zimwendee marehemu. Idhini hiyo waliiandika na kuitia saini. Nawe itafute ya namna hiyo kabla hujawasha mashine.