Kikwembe cha kazini, si cha harusini

Mdogo wangu, umeuliza namna ya kuvaa kikwembe, yaani kitenge, ofisini hapa Goma bila kuonekana kama unaelekea harusini, nawe una kitambaa kimoja tu cha yadi sita. Kinachokifanya kiwe cha harusini mara nyingi si kitambaa chenyewe, bali ile mikono iliyofura pamoja na kuvaa ua lilelile kuanzia shingoni hadi miguuni.

Yadi sita ni vipande vitatu vya yadi mbili mbili. Vifue kwanza, kwa kuwa pamba husinyaa, kisha umwombe fundi akushonee sketi iliyonyooka, yenye bitana na inayopita magoti kidogo, utakayoivaa na blauzi isiyo na maua, yenye rangi mojawapo iliyomo ndani ya kitambaa. Kipande cha pili kinatosha koti fupi la kuvaa juu ya gauni jeusi, nalo litakufaa jioni baridi ya ziwani inapoingia. Cha tatu kiweke. Usikubali fundi akushawishi kuongeza marinda.

Kabla hajakata, tandazeni kitambaa mezani na umwonyeshe ua kubwa likae wapi. Mimi niliwahi kuliacha suala hilo mikononi mwake, nikarudishiwa sketi yenye ndege mzima aliyetua juu ya kalio langu la kushoto.

Kuhusu viatu, visigino vyembamba vitaliwa na mawe ya volkano kabla hujafika kazini. Vaa vya chini.