Maswali ya wasomaji: nyumba za wageni za enzi za magari ya farasi, Uskoti

Naishi Glasgow. Tulipita Inveraray tukaona nyumba ndefu nyeupe kando ya maji, tukaambiwa ni ya wasafiri wa zamani. Nani aliijenga?

Ramani ilichorwa na John Adam, ikajengwa miaka ya 1750. Aliyeitaka ni Archibald Campbell, Duke wa tatu wa Argyll, aliyeamua mji wa zamani uondolewe karibu na kasri lake na mpya ujengwe pembeni. Nyumba ya wageni ilikuwa kati ya majengo ya kwanza kabisa ya mji mpya, na sababu ni barabara. Miaka ya 1740 wanajeshi walikuwa wakichonga njia kutoka Dumbarton kupitia milimani. Kileleni mwa mpando wake mkali pangali panaitwa Rest and Be Thankful, yaani pumzika ushukuru. Mtu aliyeshuka kutoka kule alitaka moto na chakula cha moto. Oktoba 1773 waandishi Samuel Johnson na James Boswell walifikia hapo baada ya safari ya mvua kubwa, na ndipo Johnson, kwa maneno yake mwenyewe, alipoonja wiski mara moja tu ili aijue.

Kwa nini nyumba nyingi za aina hii zina lango pana katikati?

Kwa ajili ya farasi. Gari zima likivutwa na farasi wanne lilipita chini ya vyumba vya juu mpaka uani, kwenye mabanda, nyasi na maji. Farasi walibadilishwa kila maili 10 hadi 15 hivi, na kwa gari la posta kazi hiyo ilikuwa ya dakika chache. Mlinzi wa gari alipuliza pembe angali mbali ili farasi wapya watolewe nje. Ukienda kutazama jengo kama hili, anzia uani. Huniuma kuona ua umebomolewa na sura ya mbele tu ndiyo iliyotunzwa.

Fundi wangu anasema saruji ni imara kuliko chokaa. Mbona wanaokarabati nyumba hizi wanairudia chokaa?

Saruji ni ngumu kweli, na ugumu huo ndio unaoua ukuta wa zamani. Ukuta wa mawe uliojengwa kwa chokaa hunywa unyevu kisha ukautoa. Ukiupiga lipu ya saruji, mvua huingia kwenye ufa mdogo isipate pa kutokea, na vichwa vya boriti vinaoza taratibu ndani kwa ndani. Mafundi wa kuta za matumbawe Lamu na Zanzibar wanalijua hili vizuri. Uskoti fundi huchanganya chokaa, mchanga na kokoto ndogo, huchota mchanganyiko huo kwa mwiko na kuurusha ukutani kwa nguvu hadi unate, kisha huja tabaka za chokaa nyepesi.

Paa nalo lina adabu yake. Vigae ni vya jiwe, vikubwa chini, vinapungua kadiri unavyopanda. Machimbo mashuhuri ya vigae hivyo, ya Ballachulish, yalifungwa 1955, kwa hiyo fundi mwangalifu hushusha kigae kimoja kimoja, hukigonga na kutega sikio. Kizima hulia kama kengele na kurudishwa juu. Chenye ufa hutoa sauti butu.

Ni kweli kuna watu walikufa kwa ajili ya barua?

Ndiyo. Tarehe 1 Februari 1831 gari la posta la kwenda Edinburgh lilifika mji wa Moffat theluji ikimwagika. Mlinzi James MacGeorge na mwendeshaji John Goodfellow wangeweza kulala pale, lakini waliendelea. Gari lilipokwama walichukua farasi. Farasi waliposhindwa, wakabeba mifuko kwa miguu. Wote wawili walifia mlimani. Mifuko ya barua ilikutwa imefungwa kwenye nguzo ya barabara, juu ya theluji.