Kabla ya kuuliza asilimia, uliza metali imekaa wapi

Juzi mdogo wangu mmoja anayesomea uhandisi aliniandikia akiwa amekata tamaa. Ametia alumini kwenye oksidi ya zinki ili umeme upite kirahisi, lakini kidonge chake cha kauri kinakataa umeme kuliko kile kisichotiwa kitu. Msimamizi wake anamwambia aongeze alumini.

Ujumbe ule ulinigusa kwenye kidonda. Nami niliwahi kusimama mbele ya jopo nikaulizwa asilimia ya metali niliyotia tu. Nilipoanza kueleza metali yangu ilikoishia ndani ya kauri, nikaambiwa muda umekwisha. Bado inaniuma, maana swali la metali imekaa wapi ndilo lililonifikisha kwenye vidonge ninavyojivunia leo.

Kauri hii ni punje nyingi zilizoshikana. Alumini ikikaa ndani ya punje, mahali pa zinki, inakuja na chaji tatu palipokuwa na mbili, na elektroni moja inabaki huru kubeba umeme. Lakini punje hupokea alumini kidogo mno. Ziada yake huungana na zinki na oksijeni kuwa ZnAl₂O₄, kitu kisichopitisha umeme, nacho hujibanza mipakani mwa punje. Naamini kidonge cha mdogo wangu kimekwama hapo. Lithiamu ikichukua nafasi ya zinki hufanya kinyume: ina chaji moja tu, hivyo inazimeza elektroni.

Sasa bismuthi, ambayo mimi naipenda kuliko zote. Ayoni yake, yaani chembe yake yenye chaji, ni kubwa, punje haziipokei. Kwenye nyuzi 740 hivi za Selsiasi oksidi yake huanza kuyeyuka pamoja na ile ya zinki, kioevu kinapenya katikati ya punje, na tanuri likipoa bismuthi inabaki mipakani. Ukiongeza kobalti na manganisi, kila mpaka unakuwa mlinzi wa lango: chini ya volti 3 hivi amefunga, zikizidi anafungua wazi. Michio Matsuoka wa kampuni ya Matsushita, Japani, aliandika habari zake mwaka 1971, na leo kauri ya namna hii imo ndani ya vikinga radi kwenye nguzo za umeme.

Piga hesabu mwenyewe. Punje za mikroni 10 (mikroni 1000 ni milimita 1), kidonge cha unene wa milimita 1: mipaka kama 100, basi volti kama 300. Siku nilipopima changu, mkondo ulilala kabisa, halafu ukaruka karibu na hesabu ile ile. Nilishangilia peke yangu maabara. Antimoni nayo huzuia punje zisinenepe, mipaka inaongezeka, na volti zinapanda.

Vijana wenzangu, acheni kuongeza metali kwa mazoea! Asilimia bila mahali haikuambii kitu. Uliza imekaa wapi. Ukishapima umeme, uliza tena.

Nawe mdogo wangu, punguza alumini hadi sehemu ya kumi ya uliyotia. Choma vidonge vyote kwa joto moja na muda mmoja, la sivyo ukubwa wa punje utakuchanganya. Kimoja king'arishe, kichovye kidogo kwenye asidi hafifu ili mipaka ya punje ionekane, kitazame kwa hadubini. Picha hizo ziweke mezani kwa msimamizi wako pamoja na vipimo vya umeme, kabla hajakutajia asilimia nyingine.