Muulize Fundi: "CPU imetulia, wateja wanalia. Nibadilishe kerneli?"

SWALI: Shikamoo Fundi. Nina tovuti ya kuuza madaftari na sare za shule, niko Morogoro. Kila Januari watu wakiingia kwa pamoja, ukurasa unakuja baada ya sekunde moja, mara tatu, mara saba, na wengine haufunguki kabisa. Seva ni Ubuntu 18.04, kori nne, yaani vichakataji vinne, na natumia nginx, programu ya kuhudumia kurasa. CPU haizidi asilimia 25. Rafiki yangu anasema nikompaili kerneli, ule moyo wa mfumo, yangu mwenyewe, tena niwashe kipengele chake cha tcp_tw_recycle. Nifanye hivyo?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Kerneli iache kwanza. Kazi ngumu ya kuhudumia watu wengi kwa pamoja walishaifanya wenzetu zamani. Enzi za select, njia ya zamani ya kujua ni muunganisho gani una kazi, kerneli ilikuwa kama konda anayepita kiti kwa kiti kila kituo, "wewe unashuka? na wewe?" Abiria wakifika elfu kumi, gari haliondoki. Mtaalamu wa programu Dan Kegel aliliandikia tatizo hilo mwaka 1999. FreeBSD, mfumo mwingine wa seva, wakaja na njia mpya, kqueue, mwaka 2000, na Linux 2.6 (Linux ndiyo kerneli ya Ubuntu), Desemba 2003, ikatoka na yake, epoll: anayeshuka ndiye anayepaza sauti "shusha!", wengine wanaachwa walale. Nginx inaitumia epoll bila hata kuambiwa.

Kilichonishtua ni hizo sekunde zako. Moja, tatu, saba: huo ndio mwendo wa simu ya mteja inayobisha hodi, ikakosa jibu, ikabisha tena. Maana yake foleni ya mlangoni imejaa na kerneli inawatupa wanaofika. Siku ya msongamano andika ss -lnt, utazame mstari wa bandari (port) 80 na wa 443, milango ya wageni wa tovuti. Send-Q ni ukubwa wa foleni, Recv-Q ni waliomo wakisubiri. Nadhani utakuta Send-Q ni 128, na Recv-Q 129. Nginx huomba nafasi 511, lakini kerneli yako ya 4.15 inakata kwa net.core.somaxconn, kikomo chake cha foleni, ambacho kwako ni 128. Kuanzia toleo la 5.4 wamekipandisha hadi 4096.

Andika net.core.somaxconn = 4096 kwenye faili ndani ya /etc/sysctl.d, folda ya mipangilio ya kerneli, uipakie kwa amri ya sysctl --system. Halafu kwenye nginx, mstari wa listen, ongeza backlog=4096, maana bila hivyo utabaki na 511. Zima nginx, washa upya. Tazama ss tena.

Ila foleni ndefu haiongezi mhudumu. Hiyo asilimia 25 kwenye kori nne inanitia wasiwasi: huenda kori moja inaungua na tatu zimelala. Fungua programu ya top, bonyeza 1, uone kila kori. Kama ndivyo, tafuta worker_processes 1 (idadi ya wahudumu wa nginx) kwenye faili la mipangilio ya nginx ulilonakili mahali, uweke auto.

Kuhusu tcp_tw_recycle, kipengele cha kusafisha haraka miunganisho iliyokwisha, mimi nina kovu lake. Mwaka 2014 niliiwasha kwenye seva ya hoteli moja. Pale ofisini tovuti ilipaa, nikapongezwa, nikanywa chai. Jioni wageni wanaotumia simu wakaanza kulalamika: huyu anaingia, aliyekaa naye meza moja haingii. Kampuni za simu hupitisha wateja wengi nyuma ya anwani moja ya IP, kila simu na saa yake, na kerneli ilikuwa ikilinganisha mihuri ya muda kana kwamba ni mashine moja. Aliyeonekana amechelewa anatupwa kimya kimya. Siku mbili nilihangaika nikilaumu mtandao. Kipengele hicho kilifutwa kwenye toleo la 4.12, mwaka 2017, kwa hiyo kwako hata hakipo. Rafiki yako amesoma makala ya zamani.

Na hiyo 18.04 muda wake wa kawaida wa matengenezo uliisha 2023. Hamia 24.04 kabla ya Januari, si ndani ya Januari. Ukiona Recv-Q bado imejaa baada ya haya yote, nitumie namba zako pamoja na toleo la PHP, lugha inayotengeneza kurasa, kama unaitumia, maana hapo mchawi atakuwa nyuma ya nginx.