Papai la som tam hupimwa kwa ukucha

Ndugu Mhariri,

Mmetuuliza wiki hii ni chakula gani cha nchi ya mbali kinachoweza kupikwa vizuri kwa vitu vya soko letu. Jibu langu ni som tam, saladi ya papai bichi ya Thailand. Karibu kila kinachohitajika kipo hapa pwani, lakini papai lenyewe lazima lichaguliwe kwa makini. Likishaanza kulainika, hakuna ndimu wala pilipili itakayoliokoa.

Som tam ni chakula cha kila siku cha watu wa Isan, kaskazini-mashariki mwa Thailand, na cha jirani zao wa Laos. Huliwa na wali wa kunata na kuku wa kuchoma.

Sokoni, liache papai lenye manjano kwenye ncha, hata kama ni mstari mmoja tu. Tafuta lililokomaa kwa ukubwa ila bado kijani kitupu, gumu, zito mkononi, lenye ngozi inayong'aa. Kisha omba ruhusa ulikwaruze kidogo kwa ukucha. Utomvu mweupe ukichuruzika papo hapo, chukua. Utomvu hupungua kadiri tunda linavyoiva, ndiyo maana mimi nauamini kuliko rangi. Wauzaji wengi huleta mapapai yanayoelekea kuiva, kwa kuwa ndiyo yanayotoka haraka, hivyo ni vyema kumwagiza mama wa matunda mapema akuchumie bichi. Lisikae jikoni siku nyingi: papai lililokomaa huendelea kuiva hata likishachumwa.

Nyumbani, lichanje ngozi kwa urefu, acha utomvu utoke, lioshe, limenye, kisha lioshe tena. Utomvu huo huwasha, basi mwenye ngozi nyepesi avae glavu au ajipake mafuta mikononi.

Kwenye kukata ndipo saladi nyingi zinapoharibikia. Bati la kukwangulia karoti huliponda papai likatoa maji, na mbuzi ya nazi ndiyo mbaya zaidi. Wauzaji wa Thailand hulishika papai kwa mkono mmoja, wakalikatakata kwa kisu kikali kufuata urefu wake, mikato mingi iliyokaribiana, halafu wakaparua juu juu ili nyuzi zidondoke. Wanaligeuza na kurudia. Nyuzi hazilingani, nyingine nene na nyingine nyembamba, na huo ndio utamu wake mdomoni. Simama kabla ya kufika kwenye mbegu, maana nyama ya ndani ni laini. Loweka nyuzi kwenye maji ya barafu kama dakika 10, kisha zichuje hadi zikauke. Usizitie chumvi kuzikamua, zitalegea.

Kwa watu wawili, twanga punje 2 za kitunguu saumu na pilipili kichaa 3. Ongeza kijiko kikubwa 1 cha sukari. Kule hutumia sukari ya mvumo au ya mnazi, lakini sukari guru inafaa. Tia uduvi mkavu kiasi, na maganda machanga ya kunde yaliyokatwa vipande. Maharage marefu wanayotumia wao ni jamii hiyohiyo ya kunde, kwa hiyo hapa hatubahatishi. Weka nyanya ndogo uziminye tu, vijiko vikubwa 2 vya mchuzi wa samaki wa chupa na 2 vya maji ya ndimu. Nyuzi za papai, kiasi cha vikombe 2, huingia mwisho pamoja na karanga za kukaanga. Twanga kwa upole kwa mchi wa mti huku ukigeuza kwa kijiko, papai linywe mchuzi bila kupondeka. Onja: chachu, chumvi, utamu na ukali vyote vijitokeze. Andaa hapohapo, kwani ikikaa hutoa maji.

Wajawazito nawaomba waiache; ushauri wa kawaida ni kuepuka papai bichi kwa sababu ya utomvu wake.

Kipande kilichobaki msikitupe. Kitwangeni, mpake nyama ya mishkaki muda mfupi kabla ya kuchoma. Papaini iliyo katika utomvu hulainisha hata nyama ngumu, ila ikiachwa usiku kucha nyama hurojeka.

Msomaji wenu, Tanga